Mwanga wa Saa Nne

Katika nyumba ya mchoraji, brashi na vijiko vilikaa kopo moja. Si ufundi huo, jamani, ni kukosa nafasi. Meza ilikuwa moja tu, ya jikoni, na juu ya meza hiyo hiyo watu walikata vitunguu, walikunja nguo, walifanya hesabu za shule, na mama mwenye nyumba alichora picha za vitabu vya watoto. Mara mbili mumewe alikunywa maji ya kuoshea brashi akidhani ni chai iliyopoa, na mara ya pili alimaliza kikombe kizima. "Leo sukari imekwisha?" ndilo swali pekee aliloliuliza.

Mchoraji mwenyewe alikuwa mtu wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili nusu nusu. Mkono wa kulia unakoroga sufuria, wa kushoto umeshika kitabu. Alisoma akisubiri maji yachemke, alisoma akisubiri rangi ikauke, alisoma amesimama nje ya geti la shule mpaka mlinzi akamzoea akamwekea kiti. Mkutubi wa maktaba alisema vitabu anavyorudisha mama huyu havina haja ya kuandikwa, vinajulikana kwa harufu ya vitunguu. Ila akishika brashi, hapo hapakuwa na mambo mawili tena. Hapo sufuria iliungua. Ungemwita mara tatu, ukagonga mlango, ukaanguka na ndoo mbele yake, asisikie. Mumewe alikuwa na mzaha wake: "Mama Chiriku akichora anakuwa kiziwi." Zamani walikuwa wanacheka. Siku hizi hakuna anayeusema mzaha huo, na aliyeutunga ndiye anayeuogopa kuliko wote.

Chiriku ni binti yao, wa pekee. Jina la kwenye cheti lipo, lakini nani alilitumia? Alianza kusema akiwa na miaka miwili na hakupumua mpaka alipofika minane. Aliongea akila, aliongea akiogeshwa, aliongea akiwa chooni, mlango wazi, ili asikose wasikilizaji. Mtoto wa namna hiyo kumkalisha kitini atulie achorwe, hiyo ni kazi ya kuomba msaada. Lakini mama yake hakuwa na mwingine wa kumchora. Vitabu vyote alivyovichora, ukitazama vizuri, ni Chiriku tu: Chiriku mchunga mbuzi, Chiriku binti mfalme, Chiriku amebandikwa ndevu ndiye babu.

Basi wakapatana. Nusu saa ya kukaa bila kusogea ni sura moja ya kitabu, isomwe kwa sauti, na kila mtu wa kitabuni apewe sauti yake. Kitabu cha siku zile kilikuwa kinene, cha maktaba, habari za msichana aliyetoroka na punda mzee ili punda asiuzwe. Punda alikuwa anaongea, na mchoraji alimtolea sauti ya puani, domo la chini ameliachia, sauti ya mzee mwenye mafua anayelalamikia kila kitu mpaka umande. Chiriku angeweza kukisoma mwenyewe, yuko darasa la tatu, shida hana. Hakutaka. "Nikisoma mwenyewe, punda anakuwa na sauti yangu," alisema. Sura nne zilikuwa zimebaki.

Haya, sasa ije ile Jumamosi, maana haikwepeki.

Picha iliyotakiwa ilikuwa ya jalada: msichana yuko dirishani, anamngoja mtu. Mchoraji alikuwa ameichora mara saba, na mara zote saba macho yalitoka yamekufa, macho ya samaki wa sokoni. Mhariri wa kitabu alikuwa anapiga simu mpaka simu yenyewe ikaona aibu. Asubuhi ile, saa nne, jua likaingia dirishani mwa jikoni, na pale huwa linakaa kwa masaa matatu tu kabla halijapanda juu ya paa. Chiriku akakaa kitini, na jamani, mtoto alikuwa anang'aa. Macho yana maji maji, na ndani ya maji kuna mwanga. Chini ya ngozi ya mashavu kuna joto la rangi ya shaba ambalo mama yake hakuwahi kuliona. Na kimya! Chiriku, kimya, asubuhi nzima, shavu mkononi.

Mama mwingine yeyote, awe muuza mboga, awe hakimu, angeona nusu ya hayo akaweka kiganja kwenye paji la uso la mwanawe. Huyu aliyaona yote, vizuri kuliko ambavyo mama yeyote angeyaona, kisha akachovya brashi akatafuta rangi yake. Udongo mwekundu kidogo, njano kidogo. Akaipata. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Jioni, saa moja, mtoto alikuwa anachemka. Mchoraji akampigia mumewe, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu na alikuwa mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani. "Homa imemwanza sasa hivi," alimwambia. Baba mtu, amechoka, injini inanguruma, akasema: "Mpe dawa ya homa alale. Asubuhi mpeleke." Asubuhi Chiriku hakuweza kukunja shingo. Hospitali wakasema ni homa ya uti wa mgongo, na daktari akauliza haraka haraka, kalamu mkononi, "Ilianza lini?"

"Jana jioni," mchoraji akasema. Hakupanga kudanganya. Neno lilitoka lenyewe, daktari akaliandika, likawa ndiyo habari.

Mtoto alipona. Watu wakasema mshukuru amepona, nao wakashukuru. Lakini masikio yote mawili hayakurudi. "Ugonjwa huu ni wa masaa, si wa siku," daktari aliwaeleza wote wawili baadaye. "Angefika mapema zaidi, labda. Labda pia isingebadilisha kitu. Siwezi kuwadanganya."

Baba Chiriku akalichukua lile labda, akalibeba peke yake. Aliacha malori, akatafuta kazi ya kusambaza mikate hapo hapo mjini ili saa nane awe nyumbani. Alijifunza lugha ya alama kutoka kwa mtoto, vidole vyake vinene vya kuzoea usukani vikikosea mpaka Chiriku akawa anavipiga makofi. Na kila siku, akiosha vyombo, amempa mkewe mgongo, alikuwa anasema: "Ningesema mpeleke sasa hivi. Neno moja tu, Mama Chiriku. Sasa hivi."

Na mkewe alifuta sahani. Alijua fika kwamba ile homa ilikuwa na masaa tisa kabla ya simu. Kila siku alipiga moyo konde amwambie, na kila siku alimeza mate akashika sahani nyingine. Aliona akisema atampoteza mume, na mume akijua, atamwambia mtoto, na mtoto naye atampoteza. Miezi minane! Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua huyu. Brashi hakushika tena. Kopo lilibaki la vijiko tu.

Mhariri alikuja Jumamosi nyingine, kabla jua halijawa kali. Alikuwa mama mnene, mcheshi, miwani inaning'inia shingoni, na kwa mchoraji huyu alikuwa amevumilia muda ambao mtu mwingine angeshatafuta mchoraji mwingine. Alikaa, akajipepea kwa daftari la shule lililokuwa mezani.

"Sikuja kukusukuma, dada yangu," alisema. "Nimekuja kukuona tu. Na kama kuna chochote, hata cha nusu, nikitazame."

"Hakuna," mchoraji alisema.

"Ipo ile ya dirishani," Baba Chiriku akasema kutoka kwenye sinki. Alisema kwa upole. Siku zote aliamini mkewe ameificha kwa kuwa hawezi kumtazama mtoto wao wa zamani, yule aliyekuwa anasikia, na kwa kuiheshimu huzuni hiyo hakuwahi kuigusa. "Iko nyuma ya kabati. Mwache aione. Kazi yako ile, Mama Chiriku, usiizike."

"Baba Chiriku, iache hapo."

Alikuwa ameshaitoa. Aliipuliza vumbi, akaifuta pembeni kwa shati lake, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

Mhariri akavaa miwani. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Loo," akasema mwishowe. "Hayo macho! Huyu mtoto anapumua kabisa. Dada, umeyatoa wapi macho haya?"

Mchoraji alisimama ameshika kitambaa cha vyombo. Na mhariri akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kazi ile angelifanya: akaigeuza picha. Maana mchoraji huyu alikuwa na desturi yake, na mhariri alikuwa akiwasimulia wachoraji wengine waige. Kila picha aliiandika mgongoni siku, saa na hali ya mwanga, ili kesho yake aanzie palepale alipoishia. Mhariri akasoma kwa sauti, anatabasamu.

"'Jumamosi, tarehe tisa. Saa nne mpaka saa saba. Mwanga safi. Mashavu: ongeza udongo mwekundu, leo yana joto. Macho yanang'aa mno. Ametulia ajabu. Macho usiyaguse tena.' Ona mtu alivyo makini!"

Bomba lilikuwa linatiririka. Baba Chiriku akalifunga. Tarehe ile, katika nyumba ile, haikuhitaji maelezo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyoambiana. Huyu aliumbuliwa na mwandiko wake mwenyewe.

"Saa nne," Baba Chiriku alisema. "Saa nne asubuhi?"

"Ndiyo."

"Wewe uliniambia jioni."

"Nilikuambia jioni," mchoraji alisema.

Mhariri aliiweka picha mezani taratibu, akaanza kutafuta mkoba wake, ambao ulikuwa begani kwake muda wote.

"Miezi minane," Baba Chiriku alisema. Hakupaza sauti, na mkewe alitamani apaze. "Miezi minane nimesimama kwenye sinki hili nasema ningesema sasa hivi. Na wewe uko hapo nyuma yangu na kitambaa. Unanitazama. Kazi yako ni kutazama watu, Mama Chiriku. Ulikuwa unaona nini?"

Aliona. Aliona mabega yalivyoshuka, aliona mvi zilivyoingia pembeni, aliona hata lile vazi la kazi la mikate lilivyombana kwapani. "Niliogopa," alisema. "Niliogopa utaondoka."

"Ningekasirika," mumewe akasema. "Ningekasirika sana. Halafu tungelia wote wawili, yakaisha. Wewe ukaniacha nilie peke yangu."

Akaning'iniza kitambaa chake cha kuoshea mahali pake, maana ni mtu wa mpangilio hata moyo ukivunjika, akatoka mlango wa nyuma. Walimsikia akikaa kwenye ngazi chini ya dirisha. Hakwenda mbali zaidi ya hapo.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, na hakuna ajuaye tangu saa ngapi. Mtoto huyu sasa alisikia kwa macho. Alizipitia nyuso zao moja moja, akaja mezani, akaitazama picha.

"HAPA NILIKUWA NAUMWA," alisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti yake siku hizo, kubwa, ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara, kwa kuwa hakujua inafika wapi. Kisha akamgeukia mhariri kwa heshima zote. "LAKINI SIKUSOGEA, SHANGAZI. ICHUKUE TU. NILIKAA VIZURI."

Mhariri akaziba mdomo kwa miwani yake. Akamshika mtoto kichwa, akatikisa tu mkono kwa mchoraji, akatoka na mkoba bila picha. Hatua zake zilisikika mpaka barabarani, za mtu anayefuta machozi huku anatafuta njia.

Ikawa ni mchoraji na mwanawe. Jua lilikuwa limeingia pale pale linapoingia. Mchoraji akavuta kile kiti mpaka dirishani, akamkalisha Chiriku, akapiga magoti mbele yake, uso wake mwenyewe akauelekeza kwenye mwanga ili midomo ionekane. Watu wakiungama huinama, hunong'ona, huweka mkono mdomoni. Yeye hakupata nafuu hiyo, na alama za mikono alizijua chache tu. Ilibidi ainue kidevu na kulitamka kila neno kwa midomo mipana, kama mwalimu wa chekechea.

"Siku ile nilikuona una homa. Nikaendelea kuchora."

Chiriku akakunja uso. "SIJAONA. RUDIA."

Akarudia.

"UKAENDELEA NINI?"

"Kuchora."

"AH." Mtoto akafikiri kidogo, akabembeza miguu. "NAJUA. NILIKUAMBIA KICHWA KINAUMA. MARA MBILI. UKASEMA DAKIKA TANO TU."

Mchoraji hakukumbuka. Alilitafuta jambo hilo kichwani mwake, kulia, kushoto, chini, hakuliona. Alikumbuka udongo mwekundu. Alikumbuka njano. Alikumbuka hata inzi aliyetua kwenye ukingo wa karatasi akampuliza. Mtoto wake alimwambia mara mbili kwamba anaumwa, na yeye hilo hakuwa nalo hata chembe.

"MIMI BADO NINAYO," Chiriku akasema, akijigusa sikio. "SAUTI YAKO. YA JIONI NA YA HOSPITALI SINA, NILIKUWA NIMELALA. HIYO NDIYO YA MWISHO. NIKITAKA KUKUMBUKA MAMA ANAONGEAJE, NAIKUMBUKA HIYO." Na akaiigiza, taratibu, laini, kwa mara ya kwanza tangu apone bila kupaza, akaitoa sauti ya mama yake ilivyokuwa: "Dakika tano tu, kipenzi. Tulia hapo hapo."

Ilimkata maini. Sina neno jingine. Maneno yote aliyomwambia mtoto huyu kwa miaka minane, hadithi zote, nyimbo za kubembelezea, kila "nakupenda" ya mlango wa shule, yamekwenda, na limebaki hili. Na mtoto alilitunza vizuri kama kitu cha thamani.

"NA UKASEMA NIKIMALIZA UTANISOMEA SURA ZOTE NNE," Chiriku akaongeza.

Akaruka kitini, akakimbia chumbani, akarudi na kile kitabu kinene. Mkutubi aliposikia yaliyowapata alisema wakae nacho. Kilikuwa na kipande cha karatasi ya kuchorea ndani yake, palepale walipoachia.

"SOMA. NA PUNDA PIA."

"Punda hutamsikia, mwanangu."

"NITAMSHIKA." Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye koo la mama yake.

Basi mchoraji akasoma. Aliinamisha kichwa, akachukua sentensi, akainua uso kwenye mwanga, akaisema, akainama tena kuchukua nyingine. Msichana na punda walikuwa wamefika mtoni na daraja limevunjika. Punda akafungua kinywa kulalamika, na mchoraji akaitoa ile sauti, ya puani, domo limeachiwa, sauti ya mzee mwenye mafua. Chiriku akahisi koo linavyonguruma, akacheka. Nje, kwenye ngazi, alikuwepo mtu mmoja tu aliyeweza kuisikia sauti ya punda. Mchoraji alimwona kupitia dirishani, alivyoshika kichwa chake kwa mikono miwili.

Hapo midomo ikaanza kumtetemeka. Alijikaza, akakosa, akajaribu sentensi ile ile tena, maneno yakakatika. Chiriku alimtazama kwa shida, akasogeza uso wake karibu. Kisha akakamata kidevu cha mama yake kwa vidole viwili, kama mama alivyokuwa akikamata chake akimpanga kuchorwa, akakigeuza kidogo kuelekea kwenye jua.

"Usilie," alisema, kwa ile sauti laini aliyokuwa ameitunza. "Ukilia midomo inacheza, sioni neno. Usisogee, mama. Tulia hapo hapo. Dakika tano tu."

Mama akatulia.